Mlango Wangu Uko Kwenye Banda la Ng'ombe

Bashay, Mbulu

Ndugu Mtendaji wa Kata,

Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa kijijini. Nakuandikia kwa heshima, nikiwa nimejifunika blanketi, kwa sababu nyumba yangu haina mlango. Mke wangu Genoveva anafika Jumamosi kutoka Tanga, na ameniambia kwenye simu kwamba akikuta pazia tena mlangoni, anageuza na basi lilelile. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi Joakimu alitengeneza mlango wote kwake, akaupaka na rangi, ndipo akauliza unaenda wapi. Nikamwambia "kwa Bura", maana nyumba yangu niliinunua kutoka kwa Bura, na wote hapa bado wanaiita hivyo. Akaupeleka kwa Bura mwenyewe, naye akaufunga kwenye banda. Sasa ng'ombe wanalala na kitasa, mwalimu analala na upepo. Inaniuma sana.

2. Seli ya mwili haijasoma hata darasa la kwanza, lakini haifanyi uzembe huo. Protini ya kukaa kwenye utando, yaani ukuta laini wa seli, huanza na kipande kifupi kinachoonyesha inakokwenda. Kipande kikichungulia tu kutoka kwenye kiwanda kinachoitengeneza, msindikizaji anakidaka, kazi inasimama, na kiwanda chenyewe kinapelekwa mpaka kwenye utando. Hapo kazi inaendelea, na protini inapachikwa ikiwa bado inatengenezwa.

3. Hivyo naomba sheria ndogo ya kata: fundi akimaliza ubao wa kwanza asimamishwe, mgambo wamsindikize na benchi lake kwa mteja, amalizie palepale ukutani.

4. Protini iliyopotea njia, seli huikatakata. Naomba mlango ulioko kwa Bura ukatwe vipande. Bura mwenyewe aonywe tu, hutuletea maziwa.

Wasalimie wote ofisini na mama nyumbani. Mungu awape usingizi usio na baridi.

Wako mtiifu, mwenye nyumba iliyo wazi,
Mwalimu Vicent

Baada ya sahihi: Kabla sijaituma barua hii nilimsomea Joakimu. Akaona aibu, akaja na benchi lake, akaupachika mlango mpya ukutani ubao kwa ubao, kazi safi kabisa. Bawaba alizisahau. Mimi niko ndani na mlango haufunguki. Genoveva amefika, yuko nje na mizigo yake, na ndiye aliyekuletea barua hii, nimempa dirishani kupitia nondo. Tafadhali futa namba tatu yote. Na uzungumze naye, mzee, asipande basi.