Mtunza Saa wa Skrabo, Warri

Alhamisi, 6 Machi
Mashindano keshokutwa. Mimi ndiye mtunza saa wa chama chetu cha skrabo, mchezo wa kupanga herufi ziwe maneno, mwaka wa saba huu. Leo kikaoni Akpobome kajitolea kuleta saa zake ishirini, mpya, za skrabo hasa. Bure! Nani Warri hii anatoa kitu bure? Anautaka wadhifa wangu, pamoja na kiti changu kwenye basi la timu kwenda Abuja mwezi ujao. Nikamwambia Mama Rukevwe, mwenyekiti wetu, asihangaike, saa ninazo. Sina.

Ijumaa, 7 Machi
Nimezipata! Jamaa wa chesi wameniazima. Zina vitufe chungu nzima. Nimebonyeza weee, mpaka zikasoma dakika ishirini na tano kila upande, kama sheria inavyotaka. Mchezaji akizidisha, anakatwa pointi kumi kila dakika. Akpobome kapita mbele ya nyumba mara mbili. Eti anakwenda kununua samaki. Samaki gani wa kufuatwa mara mbili?

Jumamosi, 8 Machi
Aibu! Kufika saa saba mchana tulipaswa kuwa tumemaliza michezo minne. Tulikuwa bado kwenye wa pili. Mzee Edewor alifikiri, akakuna kidevu, akafikiri tena, na saa yake bado inasoma dakika ishirini na tatu. Watu wakanitania kwamba nimewaletea uzima wa milele. Akpobome akatabasamu, tena kwa upole. Nikamfuata hadi mlango wa choo. Akaniuliza, vipi kaka, nawe umebanwa? Nikamjibu asinione mjinga.

Ejiro, mwamuzi, akazigeuza zile saa, kisha akatangaza mbele ya kadamnasi kwamba zimetegwa kichesi: kila ukibonyeza baada ya zamu yako, unaongezewa dakika nzima. Mama Rukevwe akauliza kazitega nani. Nikasema mimi, lakini nikiwa napelelezwa. Akaniambia, baba, kaa pale kando, usiguse kitu chochote chenye betri. Saa za Akpobome zikaletwa. Zilikuwa tayari garini mwake. Tayari! Alijuaje? Roho iliniuma hata mchuzi wa banga, ule wa mawese, haukushuka.

Jumatatu, 10 Machi
Barua imekuja. Akpobome ndiye mtunza saa, na kiti cha basi ni chake. Nimelia kidogo, sikatai. Nikaenda kumwangukia Mama Rukevwe. Akasema haya, nitafute herufi mpya za chama. Zikiwa sawa, nitabanwa humo humo kwenye basi. Zikiwa na kasoro, nisikanyage tena ukumbini.

Alhamisi, 13 Machi
Zimefika! Seti ishirini kutoka Cotonou, kule Benin kwa wasema Kifaransa, kwa bei ya kutupa. Maelekezo yote Kifaransa, nimeyatia jikoni yakawashe moto. Nimehesabu herufi mara tatu. E ni kumi na tano badala ya kumi na mbili, hizo nimezichukua kama zawadi ya duka. Lakini kila mfuko una W moja tu, wakati siku zote huwa mbili. W ishirini zimeibwa! Na jana Akpobome alinisalimia vizuri mno.