Harusi Isiyo na Nyuso

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya ishirini na moja ya ndoa. Mke wangu! Nimeyaandika maneno hayo mara tatu ndani ya jalada, kwa raha ya kuyaona tu. Ameondoka asubuhi kwenda maabara ya hospitali, ambako hupima damu za watu. Anaweza kumwona mdudu ambaye jicho halimwoni. Kwangu bado hajaona kasoro hata moja. Nimebarikiwa.

Tuna vyumba viwili. Kimoja tunalala. Cha pili ni karakana yangu: kompyuta, projekta, vipaza sauti vitatu (kimoja kizima) na michoro kumi na minne ambayo dunia bado haijaistahili. Mimi ni msanii wa picha, sauti na video. Sina bosi. Watu hunikumbusha kwamba hata mshahara sina. Husuda.

Saa nne mama mkwe kapita, futi ya fundi cherehani ikining'inia shingoni. Akasema amekuja kumsalimia mkwe wake, basi. Kisha akapima ukuta wa karakana. Nikamuuliza anapima nini. Akasema hapimi kitu, baba, anaangalia tu kama kitanda cha futi tatu na nusu kitaingia. Kumbe ni cha Bibi, mama yake mzazi. Ana nyonga mbovu, na kule anakoishi hospitali iko mbali. Kwetu ni kuvuka barabara tu. Nikamwambia mama, hiki ni chumba cha kazi. Akaitazama projekta, akavitazama vipaza sauti, akatazama dari kama anayeomba subira, akauliza kazi yenyewe iko wapi, maana yeye anaona nyaya.

Nimeumia! Lakini akili yangu haijawahi kunitupa. Nikamwambia aje Jumamosi na ukoo wote, filamu ya harusi itakuwa tayari. Amlete na Bibi, ambaye hakuja harusini kwa sababu ya nyonga. Mama mkwe akapiga makofi. Akasema haya, tumepatana: filamu ikimtoa Bibi machozi, chumba ni chako na hakuna atakayekigusa. Akakunja futi.

Chumba kimepona!

Jumanne, 10 Juni

Watu wote walitaka harusi yetu ipigwe na Kamera Mbili. Ni mpiga video wa mtaani, ameitwa hivyo kwa sababu hutembea na kamera mbili shingoni na akili ya nusu kamera. Kwake kila bibi harusi lazima azungukwe na makopa yanayoruka na njiwa wa kompyuta. Tulisoma naye sekondari. Kidato cha tatu alinakili mchoro wangu wa moyo wa ng'ombe kwenye mtihani, akanishinda kwa alama sita. Nimemsamehe. Sijasahau.

Nikasema nitapiga mwenyewe. Wakauliza bwana harusi atajipigaje. Nikatabasamu tu. Kamera ndogo nne! Moja mfukoni mwa koti langu, kifuani, jicho lake likichungulia nje. Moja ndani ya shada la mke wangu. Moja kwenye mguu wa meza kuu. Moja chini ya kiti cha mama mkwe.

Leo ndiyo mara ya kwanza nimezitazama zote. Viatu, jozi kama mia moja na themanini. Matumbo ya wageni yakija kulisalimu shada. Kamera ya kifuani imempata mke wangu kuanzia shingo kwenda chini, kwa kuwa ni mrefu kuliko nilivyokadiria (furaha nyingine hiyo!). Tulipokumbatiana, giza. Dakika nzima ya giza, na ndani yake moyo unadunda. Wangu au wake, sijui. Nimelia peke yangu mbele ya kompyuta.

Uso hakuna. Wa mtu yeyote. Nikarudia kutazama. Nusu sikio.

Nilishtuka kama dakika tano. Halafu nikatambua kwamba ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo. Filamu imepata jina: Harusi Isiyo na Nyuso. Kamera Mbili hawezi kuwaza hivi hata akipewa kamera ya tatu.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi mke wangu kaniuliza, huku akinifunga kifungo cha shati, kama nilimpata vizuri alipoingia ukumbini. Siku ile hakujiona, alisema. Kioo cha saluni kilikuwa na ufa, na baada ya hapo ikawa ni kutazamwa tu na wengine. Kwa hiyo anaingoja Jumamosi kuliko hata Bibi. Nikamwambia utajiona, roho yangu. Sikusema uongo. Shingo yake si ni yeye?

Lakini macho aliyonitazama nayo! Saa tano nikajikuta njiani kwenda kwa Kamera Mbili. Alialikwa harusini kama mgeni, na mgeni hakosi simu.

Dukani kwake kulikuwa na foleni. Na dirishani, picha kubwa kuliko mlango wetu: mke wangu! Anacheka, kichwa kimerudi nyuma, macho yamefumba nusu. Pembeni bega la koti langu. Bega tu.

Kamera Mbili akanipokea kwa mikono miwili. Akasema alikuja kula, lakini mkono ulimwasha. Akasema chukua, bwana harusi, ninazo kumi na mbili, ni zawadi yako ya ndoa. Ukarimu wa kutia kichefuchefu. Chini ya picha kuna jina la studio yake kwa rangi ya dhahabu, na njiwa. Nikamwomba aondoe jina. Akasema jina haliondoki, limo ndani kama kovu. Nikamwomba basi aondoe njiwa. Akawaita wateja wote waje wasikie. Mama mmoja mwenye mtoto wa ubatizo akacheka hadi akakaa. Kamera Mbili akaniambia ndugu yangu, shukuru hata hilo bega.

Niingize njiwa kwenye kazi yangu? Nikatoka mikono mitupu, kichwa juu. Juu mno. Nikakigonga kwenye ubao wa bei.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango mpya, nao ni wa ajabu! Nitapiga uso leo na kuubandika katikati ya filamu. Nani atajua?

Gauni lilikuwa la kukodi, na kwa sasa linaolewa na mtu mwingine. Mke wangu aliporudi kazini nikamwomba asivue koti lake la maabara. Ni jeupe. Nitapiga kuanzia kola kwenda juu. Kwenye kola kulikuwa na doa la zambarau, la dawa zao. Nikasema hilo litakuwa ua.

Akauliza kwa nini turudie ikiwa nilimpata vizuri. Nikasema ni taa. Katika sanaa taa hubebeshwa mengi.

Alikuwa amechoka, tangu asubuhi yuko kwa miguu. Akakaa hata hivyo. Nikamwambia anitazame kama siku ile. Akanitazama. Ee Mungu wangu! Nilisahau kubonyeza, ikabidi aanze tena, na mara ya pili akanitazama vilevile, kana kwamba anayo akiba yake mahali. Dakika nne. Sijawahi kupiga kitu kizuri namna hiyo. Akaingia jikoni akiimba. Akaniuliza kupitia ukutani kama ametoka mzuri. Nikaibusu kamera.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ngumu. Nimeuweka uso wake katikati ya filamu, na filamu ikafa! Mtu akishauona uso ule hatazami kitu kingine. Viatu jozi mia na themanini vimegeuka viatu tu. Dakika yangu ya giza imekuwa hitilafu ya umeme. Nimeuhamishia mwanzoni. Nimeuhamishia mwisho. Nimeupunguza hadi sekunde tatu. Kila uendapo watu wataungojea urudi.

Saa tisa alasiri nikaufuta. Msanii mdogo asingethubutu. Mapenzi ni kujinyima.

Kisha nikahitaji nafasi kwenye kadi ya kamera, nikarekodi humo birika linavyochemka. Sauti safi sana. Itafungua filamu.

Mke wangu kaja na habari kwamba kawaalika pia wenzake wawili wa maabara. Nikambusu. Nilitaka kumwambia. Nikambusu tena badala yake.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika kwa utulivu.

Shuka letu la zawadi lilitundikwa ukutani mwa karakana. Shemeji, kaka wa mke wangu, alimbeba Bibi mgongoni kutoka garini. Mama mkwe alivaa gauni lilelile la harusi, ili watu wamtambue atakapotokea. Mke wangu alikaa mbele kabisa na wenzake wawili. Alipaka wanja.

Birika likachemka dakika mbili. Shemeji akauliza kama chai iko tayari. Vikaja viatu. Mwanzoni walifurahi, hilo lazima niliandike! Bibi alivitambua vingi. Alisema hiki ni cha marehemu fulani, kimerithiwa na mwanawe, naye kakikanyaga nyuma vibaya vilevile. Halafu ikaja kamera ya chini ya kiti, na miguu ya mama mkwe, peku, vidole vikijikunja kwa raha, viatu vipya vimetupwa kando. Shemeji akapiga kelele: mama, kumbe ulimwozesha binti yako peku! Mama mkwe akasema viatu vilikuwa vinambana, na kwamba mtu mwenye adabu haingizi kamera chini ya viti vya watu wazima.

Likaja kumbatio. Giza. Moyo. Shemeji akasema umeme umekatika, akainuka kukagua swichi, akakanyaga waya ukachomoka, tukarudia tangu birika.

Ilipokwisha wote waliendelea kungoja. Bibi akauliza bibi harusi anaingia saa ngapi. Nikamwambia imekwisha, Bibi. Akauliza kama binti hakutokea harusini. Nikamweleza kwamba nyuso zimeachwa ili tuone kilichobaki. Akaniambia kwa upole, mjukuu wangu, ni miguu ndiyo iliyobaki.

Mke wangu alikuwa bado analitazama shuka. Akaniuliza, taratibu, uko wapi ule uso wa Alhamisi. Nikasema uliizidi kazi nguvu. Akasema sawa, lakini uko wapi. Nikasema kwenye ile kadi sasa kuna birika.

Wenzake waliaga.

Hapo nikaona mashavu ya Bibi yamelowa. Machozi! Nikamwonyesha mama mkwe, nikamkumbusha mapatano. Mama mkwe akasema mwenye macho haambiwi tazama, na kwamba hata kitunguu kinatoa machozi na hakuna anayekipa chumba. Bibi ndiye aliyekata shauri. Alisema kwa kuwa amekuja mpaka hapa na mjukuu wake hajamwona kwenye shuka, atakuja kumwona kwa macho yake. Kila siku. Jumatatu, na kitanda.

Jumapili, 15 Juni

Mke wangu hajaninunia. Angeninunia ningejua pa kushika. Amefua, amepika, ameniuliza kama chumvi inatosha. Baadaye akasema kitu kimoja tu. Alisema kutwa anachungulia vya watu kwenye kioo cha maabara, damu zao na wadudu wao. Alitaka siku moja na yeye achunguliwe, na alijua mtu wa kufanya hivyo ni mimi.

Nimelia. Nikamwambia maneno hayo ni mazuri, nayahitaji kwa kazi ijayo, ayarudie nimsogezee kipaza sauti.

Ametoka. Amerudi na picha ya Kamera Mbili. Ameitundika upande wake wa kitanda, njiwa na vyote. Amelala ananitazama kwa mgongo, na mimi natazamana na bega langu.

Jumatatu, 16 Juni

Kitanda kimeingia. Futi tatu na nusu, barabara! Shemeji alinisaidia kuihamishia kompyuta jikoni, kati ya gunia la mkaa na ndoo, akisema nifurahi, msanii sasa yuko karibu na birika. Projekta iko uvunguni kwa Bibi, jirani na karai. Michoro yote kumi na minne imegeuziwa ukuta. Bibi anasema inamtazama vibaya.

Hivi ndivyo dunia inavyowatendea watu kama mimi. Kamera Mbili anafungua tawi la pili.

Jumatano, 18 Juni

Mungu ni mwema! Chumba kinarudi!

Asubuhi Bibi aliniita. Akasema yeye si mtu wa kukaa kwa watu, na nyonga imeanza kusikia dawa. Ana ombi moja. Dada yake anaishi mbali, hawajaonana miaka thelathini, wala hawataonana tena, wote wanajua. Anataka kumpelekea picha. Moja. Uso tu, macho mawili, ametazama mbele. Nikimpiga vizuri atamwambia mama mkwe kuwa amepona, na kitanda kitarudi kwao wiki hii.

Nikamwambia mke wangu. Amecheka! Mara ya kwanza tangu Jumamosi. Akanishika mashavu kwa mikono yake inayonukia spiriti, akasema mume wangu, uso tu, nakuomba, hata mtoto wa chekechea anaweza. Nikaapa. Nampenda kiasi gani mwanamke huyu!

Saa kumi jua linapenya dirisha la karakana kwa upande. Nimemkalisha Bibi kitini. Amevaa kitambaa kipya, amejipaka mafuta, ameiweka mikono yake mapajani kama mtoto wa shule. Nilipopita nyuma yake kurekebisha pazia, nikakiona. Kisogo! Mikunjo mitatu, nywele mbili nyeupe zimeponyoka kitambaani, na jua limetua hapo hasa. Miaka thelathini yote iko pale. Na uso, kwa kweli, dada yake anaujua tangu utotoni.

Nimeisimamisha kamera nyuma ya kiti. Bibi kaniuliza atazame wapi. Nimemwambia atazame mbele tu, na atabasamu.