Harage Lililoshiba

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba maharage ya jikoni kwa dada yangu yametambuliwa rasmi na Wizara ya Ustawi. Yalitambuliwa Jumamosi asubuhi, tukiwa bado tunapiga mswaki.

Hodi ilipigwa mara moja tu. Kabla hatujaitikia, bwana mmoja mwenye suti alikuwa ameshaingia, akalipita kochi ninalolalia, akaulizia jiko liko wapi.

"Wewe nani?" dada akauliza, povu mdomoni.

"Mimi ni Mkurugenzi."

Sikuwahi kumwona bosi wangu. Nilikuwa mgeni wizarani, bado niko kwenye muda wa majaribio, na ofisi yake iko ghorofa ambayo lifti yetu haifiki. Lakini nilikuwa nimesimulia wakati wa chai kwamba mpwa wangu analinywesha harage maji ya sukari, na pale wizarani habari hupanda juu haraka kuliko watumishi.

Mpwa wangu, tunayemwita Profesa, alikuwa na makopo mawili dirishani, kila moja na kibandiko chake. Mbegu za aina moja, udongo uleule, jua lilelile. Harage moja alilinywesha maji ya bomba, jingine maji yaliyokorogwa sukari. La bomba lilikuwa limefika kwenye komeo la dirisha. La sukari lilikuwa fupi, la manjano, limejikunja kama mtu anayeumwa tumbo, na sisimizi wanapanda na kushuka. Profesa alikuwa ametarajia kinyume, akalia. Nilimwambia asilie, jaribio halijakosea, limemjibu tu.

Mkurugenzi aliinama, akalichunguza lile fupi.

"Hili ndilo la sukari?"

"Ndiyo, mzee."

"Limeshiba," akasema. "Aliyeshiba anahangaika kwenda wapi? Hilo refu ni njaa inalikimbiza."

Niliguswa. Chuo kizima sikuwahi kufundishwa hivyo.

"Mbona la manjano?" Profesa akauliza.

"Hiyo ni dhahabu, mwanangu."

"Na sisimizi?"

"Hao ni wadau."

Jumatatu ikaundwa Kamati ya Utamu. Sukari yote ya chai ya wizara ikahamishiwa bustanini, nasi tukanywa chai chungu kwa uzalendo. Maua ya mbele ya jengo yalipoanza kuinama, kamati ilitoa tamko kwamba yanainama kwa heshima. Yalipolala kabisa, tamko la pili likawaomba wageni wapunguze kelele.

Hatimaye Waziri akaalikwa kuzindua mpango wa kutia sukari mashamba yote nchini. Makopo ya Profesa yakachukuliwa yawe ushahidi. Mimi, "mtafiti kiongozi", ningeyaeleza, kisha ningethibitishwa kazini palepale jukwaani. Kulikuwa na rekebisho dogo tu. Kwa kuwa wananchi hawajafikia kiwango cha kuielewa shibe, kibandiko cha sukari kingehamishiwa kwenye kopo la harage refu.

"Si uongo," Mkurugenzi alinifafanulia. "Ni kurahisisha mawasiliano."

Siku ya uzinduzi dada alinipigia shati pasi mara mbili. "Kathibitishwe, mdogo wangu, upange chumba. Shingo yako na hilo kochi zimeshachokana."

Profesa akaning'ang'ania tai mlangoni.

"Mjomba, utawaambia lipi ni lipi?"

"Nitawaambia."

"Hata wakikununia?"

"Hata wakininunia."

"Ahidi."

"Nakuahidi."

Ukumbini Waziri alilisifia harage refu mpaka akaishiwa maneno, ndipo akanigeukia. "Kwa hiyo, kijana, hili ndilo lililokunywa sukari?"

Mkurugenzi alinitabasamia kwa meno yote. Niliiwazia shingo yangu. Nikakiwazia chumba, kina mlango wake na ufunguo wake.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. "Hilo limekunywa maji ya bomba. La sukari ni hilo fupi. Vibandiko vimebadilishwa."

"Anatania huyu!" Mkurugenzi alilidaka kopo la harage fupi, akalifutika ndani ya koti. "Vijana wa siku hizi! Tuendelee na ratiba."

Akashika kipaza sauti, akaanza kuieleza falsafa ya shibe. Alianza vizuri. Katikati ya sentensi bega likamruka. Akajikuna ubavu, akajikuna shingo, kisha akaanza kuruka kwa mguu mmoja. Watu wakapiga makofi wakidhani ni burudani iliyoandaliwa.

"Una nini wewe?" Waziri akauliza.

"Hamna kitu, mheshimiwa... ai! Ai, mama!"

Nilimwonea huruma. Sikutaka watu wafikiri anaumwa.

"Ni wadau, mheshimiwa," nikaeleza.

Koti likavuliwa mbele ya kamera. Shati likafuata. Waziri akawatazama sisimizi wakimiminika, akaikumbuka bustani ya nyumbani kwake, ambayo kwa ushauri wa kamati ilikuwa imemwinamia kwa heshima wiki nzima. Akaomba gari lake. Mpango ukaahirishwa mpaka taarifa nyingine.

Mkurugenzi alibaki na fulana, suruali na mamlaka ya kunifukuza. Mamlaka aliyatumia palepale.

Nilirudi nyumbani nimeyakumbatia makopo yote mawili. Dada aliyatazama, akanitazama mimi, akaurudisha mto wangu kwenye kochi.

"Uliwaambia?" Profesa akauliza.

"Niliwaambia."

"Wakakununia?"

"Sana."

Alifikiri kidogo. Kisha akalichukua lile fupi, akawapuliza sisimizi mmoja mmoja, akalisogeza kwenye sinki.

"Basi na hili tulinyweshe maji, mjomba."

Nikafungua bomba.