Mkanda wa Saba

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeipata! Ile filamu ya mapenzi ya Kimarekani, ya enzi zile, isiyo na rangi, niliyoionyesha miezi minne mfululizo nilipokuwa fundi mitambo wa sinema. Sasa iko kwenye diski. Sanduku gumu, diski mbili. Nyuma wameandika kwamba imesafishwa picha kwa picha na mikwaruzo yote imeondolewa. Mbele, bwana na bibi wamekumbatiana kwenye stesheni ya treni, hata vifungo vya koti vinahesabika.

Hii ndiyo itakayomrudisha mke wangu. Anaingia wiki ya sita sasa kwa dada yake, barabara ya pili. Sababu ni kabati la vyombo alilorithi kwa mama yake. Alirudi kutoka sokoni hakulikuta, akakuta televisheni mpya ya inchi hamsini na tano. Nilimwambia kabati liko kwa fundi, linapakwa vanishi. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba siku nitakayomwambia ukweli kabati liko wapi, siku hiyohiyo atarudi. Masharti ya ajabu. Mtu mzima anahama nyumba yake kwa ajili ya sentensi moja!

Ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: nililiuza kwa seremala, anayekaa mkabala na nyumba yangu.

Mpango ni huu. Filamu hii ndiyo tuliyoanzia uchumba. Yeye alikuwa mkata tiketi. Akishafunga kidirisha chake anakuja kukaa kiti cha nyuma kabisa, na mimi namchungulia kutoka chumba cha mashine. Akiiona tena, kabati litamtoka akilini.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimepeleka mwaliko. Shemeji alinipokea mlangoni, mikono kiunoni. Ni mwalimu mstaafu, na bado anakutazama kana kwamba umechelewa darasani. Akaniuliza kama nimekuja kusema kabati liko wapi. Nikasema nimekuja na jambo kubwa zaidi. Akaingia ndani, akarudi na jibu: Jumamosi, saa tisa alasiri, na yeye pia atakuja. Sikumwalika, lakini haya.

Nyumbani nikamkuta seremala ameketi kwenye ngazi yangu. Habari alishazipata, sijui kwa nani. Akasema ujanani aliiona filamu hiyo mara sita na hajawahi kuona mapenzi ya namna ile, kwa hiyo anaomba kiti. Nikamwambia sebule yangu ni ndogo. Akasema si ndogo kama zamani, tangu kabati litoke. Jirani huyu ana kiburi.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Balaa! Leo nimeijaribu diski. Deki inaonyesha saa mbili na dakika nne. Mimi naijua filamu hii kama kiganja changu, ni saa moja na dakika arobaini na nne. Nikajiuliza hao wasafishaji wamezitoa wapi dakika ishirini. Ndipo nikakumbuka.

Filamu ilikuja katika makopo saba. Mimi nilionyesha sita. Mkanda wa sita unaishia kwenye busu la stesheni, mahali pazuri kabisa pa kuwasha taa. Wa saba niliuacha koponi, nikamwambia meneja umeota ukungu. Mji mzima ukarudi nyumbani na furaha. Hata mimi sikuwahi kuutazama.

Leo nimeutazama. Baada ya busu, bibi anamuuliza bwana swali moja, kuhusu barua zake zilizopotea. Bwana anadanganya. Bibi anapanda treni, treni inaondoka, bwana anabaki na kofia mkononi. Mwisho. Nani mwenye akili timamu atamwonyesha mke wake kitu kama hicho?

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Dawa imepatikana. Busu likifika, umeme unakatika.

Swichi kuu iko karibu na mlango, na mimi nitakuwa nimekaa kando ya mke wangu. Nilianza na kamba. Nikaifunga kwenye swichi, nikaipitisha juu ya pazia, nikavuta. Swichi haikusogea. Pazia liliteremka pamoja na chuma chake, likanipata kichogoni.

Ikabidi nijikaze, nikaenda kwa seremala. Nilimkuta akipanga vikombe vyake kwenye kabati la mama mkwe, huku anapiga mluzi. Tumekubaliana: atakaa kwenye kigoda karibu na mlango, na nikikohoa mara mbili anazima. Sikumwambia kwa nini. Ujira wake ni hicho kigoda. Tumefanya mazoezi mara nane, na mara zote nane amezima barabara. Koo linaniwasha, lakini kazi imekamilika.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimeziba madirisha kwa mashuka. Mke wangu alifika saa tisa kamili, amevaa gauni la buluu. Shemeji alimsaidia kubeba mkoba mkubwa. Nikadhani wameniletea matunda. Mke wangu akapatazama pale lilipokuwa kabati, kisha akakaa.

Mambo yalikwenda vizuri ajabu. Alicheka palepale alipokuwa akicheka zamani. Nilikuwa na furaha, naandika bila aibu.

Stesheni. Busu. Nikakohoa mara mbili.

Umeme upo. Nikakohoa tena. Nikageuka: seremala ameinama mbele, leso mdomoni, machozi yanamtiririka. Nikakohoa kama mgonjwa wa kifua. Shemeji akaniletea maji. Seremala akaninyooshea kidole.

"Hebu tulia, bwana," akasema. "Kumbe haijaisha. Tuone kama atapanda."

Akapanda.

Seremala ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Aliiona mara sita, na mara zote sita yule bibi alibaki. Wote wakanigeukia. Nikaanza kueleza kwamba wasafishaji wa siku hizi wanaongeza mambo yao. Shemeji akavaa miwani, akasoma sanduku: urefu wake wa asili, hakuna kilichoongezwa.

Mke wangu hakuwa akimsikiliza. Aliniangalia mimi tu. "Miezi yote minne hukuuonyesha mwisho. Kwa nini?"

Nilitafuta uongo, sikuupata. Nikasema, "Baba yako alikuwa anafunga geti saa tatu. Mkanda wa sita unaisha saa tatu kasoro robo. Ningeuweka wa saba, nani angekusindikiza?"

Akaweka mkono wake juu ya wangu, mbele ya watu. Akasema sijawahi kumwambia neno zuri kama hilo, na kumbe nikitaka naweza. Halafu akauliza kwa upole, "Na kabati la mama liko wapi?"

Nilikuwa nimebakiza sentensi moja tu. Niliiona, ilikuwa fupi. Lakini seremala yuko pale kwenye kigoda, Shemeji ananikodolea macho, na mkono wa mke wangu ulikuwa umetulia vizuri juu ya wangu. Sikutaka kuharibu. Nikasema, "Liko kwa fundi. Vanishi ya kwanza ilibabuka, wanapaka ya pili."

Akauondoa mkono. Akasema alijua tangu wiki ya kwanza, maana mke wa seremala alimkaribisha chai, na vikombe vilitoka kabatini mlemle.

"Sikutaka kabati, mume wangu. Nilitaka kukusikia ukisema."

Shemeji akaunyanyua mkoba. Zipu ilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na nguo za kulalia za mke wangu, kandambili zake na mswaki. Matunda hayakuwemo.

Seremala alitoka wa mwisho. Akiwa mlangoni akakumbuka, akazima swichi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimetafakari sana na nimeona kosa lilipokuwa. Ni vanishi. Ningesema bawaba. Bawaba huagizwa mbali, hakuna anayebisha. Kosa jingine ni la seremala, kulia kazini.

Amekuja asubuhi, macho mekundu. Usingizi haukumjia kwa ajili ya yule bibi. Akaniletea shauri: nimpe televisheni na deki, yeye anirudishie kabati, tumalizane. Atalibeba mwenyewe, leo hii. Mkewe ameshatoa vikombe. Akasema nilipeleke moja kwa moja kwa Shemeji na nizungumze kama mtu mzima.

Nilikaribia kukubali. Nikachukua sanduku ili nimkabidhi, nikasoma maandishi madogo ya chini. Diski ya pili ina mwisho mwingine, uliopigwa lakini haukuwahi kuonyeshwa. Bibi anashuka kwenye treni!

Nimemkatalia katakata. Bila televisheni, mwisho huo mke wangu atauonea wapi? Nimeshampelekea Shemeji mwaliko wa Jumamosi ijayo, saa tisa. Kuhusu kabati, nimemwandikia kwamba vanishi imekauka vizuri, zimebaki bawaba tu.