Disketi ya Marehemu Salumu

Jumatatu, 6 Juni 1994
Wifi yangu Shamimu kazunguka Temeke nyumba kwa nyumba na daftari lake. Anasema chama chetu cha kuzikana kakianzisha yeye, na jina lake ndilo namba moja. Mwongo! Nilikianzisha mie. Na mwanangu Salumu, Mungu amrehemu, aliiandika orodha yote kwenye kompyuta ya ofisini kwao kabla hajaanza kuumwa. Disketi ninayo, imo sandukuni, nimeifunga ndani ya shati lake. Ijumaa wanachama wanakutana. Watamwona mtoto wangu alivyofanya kazi. Shamimu atakoma.

Jumanne, 7 Juni
Sinza, duka la kuchapa barua. Msichana anaitwa Demetria, kucha ndefu, shikamoo hakuna mpaka nilipomkazia macho. Kaitumbukiza disketi, katikisa kichwa. Eti kila faili lina mkia wa herufi tatu, na programu yake ya orodha inafungua mkia wa dbf tu. La Salumu linaishia na wk1, limetengenezwa na programu nyingine. Nikamwambia sikuleta mbuzi, mkia haunihusu, anisomee majina. Akasema hata nikimtukana, mashine haitafungua. Nimerudi miguu imevimba.

Alhamisi, 9 Juni
Ubungo. Kijana Audax ana programu mpya. Inafungua dbf, inafungua wk1, hata maandishi matupu. Shikamoo kanipa mara mbili. Kalelewa huyu.
Limefunguka! Majina sitini na mawili. Mie wa sitini na mbili! Yamepangwa kwa alfabeti, na Zuena anakaa mwisho kabisa. Nimemgombeza kijana. Kasema marehemu mwenyewe ndiye aliyeyapanga hivyo.
Kando ya kila jina Salumu aliandika maelezo: msiba ukitokea, mwanachama huyu apewe vipi habari. Kando ya langu: "Mama. Ana presha. Asiambiwe ghafla. Shangazi Shamimu atangulie kukaa naye."
Siku Salumu alipofia hospitali, Shamimu alikuja kwangu asubuhi. Tukamenya mihogo hadi adhuhuri, ndipo akasema. Mwaka mzima namwita mnafiki kwa mihogo ile.
Nikamwuliza Audax choo kiko wapi. Sikuwa na haja.
Huko chooni nikawaza. Shamimu akiyasoma haya kesho atavimba kichwa, mtaa hautamtosha. Nikarudi na amri: mie niwekwe wa kwanza, maelezo yote yafutwe, karatasi itoke na majina tu.
Audax akasita. "Bibi, nikifuta na kuhifadhi humu humu kwenye disketi, maneno ya marehemu hayarudi tena."
"Futa, mjukuu wangu. Umezaliwa jana wewe."

Ijumaa, 10 Juni
Nimeshinda! Karatasi imesomwa mbele ya wote: Zuena binti Jabiri, namba moja. Shamimu hakubisha. Aliuliza tu kama Salumu aliandika jambo jingine lolote mle. Nikasema majina matupu. Akanisogezea daftari lake, akasema basi nilitunze mie.
Wali wa mkutano ulikuwa mzuri, wanasema. Mie haukunishuka.

Jumapili, 12 Juni
Aliandika "Mama" au "Mama yangu"? Presha ilitangulia, au ilikuja baadaye? Nimeandika mara sita nyuma ya ile karatasi. Kila nikisoma naisikia sauti yangu, siyo yake.
Kosa ni la Audax. Mzee akisema futa, kijana mwenye adabu anakataa! Kesho alfajiri niko Ubungo na disketi yangu. Nitamgombeza mpaka maneno ya mwanangu yarudi, yote, kama yalivyokuwa. Yakisharudi, alifute jina la Shamimu.