Duara Jeusi kwenye Mbao ya Mjozi

Konjic, Jumanne, 14 Juni
Nimeunguza kaunta ya jikoni. Mimi! Kibirika cha kahawa kimetoka motoni, simu ikalia, nikakitua juu ya mbao. Nilipokiinua: duara jeusi, lisilo na kasoro. Mungu anisamehe, lilikuwa zuri.

Kaunta ni ya mjozi, mbao ya thamani. Fundi Rasim aliitengeneza kwa mikono yake Mama alipoolewa. Na Ijumaa, Fundi Rasim huyo huyo anakuja kunywa kahawa, Mama amwombe anifundishe kazi karakanani kwake. Nafasi ni moja. Binamu yangu Belkisa naye anaitaka. Belkisa hajaunguza kitu.

Nimetandika kitambaa. Mama kauliza cha nini. Nimesema kinapendeza. Kwa kuwa huwa sisemi mengi, kaniamini.

Jumatano, 15 Juni
Mama kaenda kazini, nami nimepiga msasa saa mbili nzima. Duara limetoka! Chini yake mbao ni changa, nyekundu kidogo, kama ngozi chini ya kigaga. Miaka yote hiyo nimekatia mkate juu yake, nisijue! Nimekaa nikiigusa tu.

Kisha nikaweka chungwa. Likabingirika hadi katikati, likatulia. Nimechimba bakuli.

Belkisa kapita, kafunua kitambaa bila kuuliza. Kataka kujua kama hiyo ni kaunta au sahani ya supu. Kaapa hatasema. Kaondoka na ndala zangu mpya.

Alhamisi, 16 Juni
Leo rangi. Nimechukua mashapo ya kahawa, nikapaka, nikafuta, nikapaka tena. Kufikia adhuhuri ikalingana kabisa! Nilitaka kulia. Nikamalizia na mafuta ili ing'ae.

Ikawa nyeusi kama lami. Sasa doa ni kubwa mara tatu.

Mpango mpya: Fundi asikae sana.

Ijumaa, 17 Juni
Kaja. Mkubwa, mpole, anapiga mbao za mlango kwa vidole kama anayesalimia. Nikaleta kahawa ya kumkaribisha. Kisha kahawa ya pili, ya mazungumzo. Mara kahawa ya tatu, Fundi hajamaliza hata kipande chake cha sukari. Na kila mtu hapa anajua kahawa ya tatu humwambia mgeni nini: nenda zako. Mama akabaki mdomo wazi.

Fundi kacheka hadi kakohoa. "Binti yangu, nimefukuzwa nyumba nyingi, lakini si ndani ya dakika kumi!" Akainuka kurudisha vikombe jikoni. Mwenyewe! Akasukuma sinia juu ya kaunta, na kitambaa kikaenda nalo.

Fundi kainama juu ya doa. Kauliza nani. Nikasema mimi. Kauliza nililinganisha rangi mbao ikiwa kavu? Nikasema ndiyo. Kasema mbao kavu hudanganya.

Akatoa mfukoni bamba la chuma. Akakwangua kufuata nyuzi za mbao, mbali kulia, mbali kushoto, hadi bonde langu likapotea. Maganda yalitoka mepesi kuliko ya kitunguu. Halafu akalamba kidole, akalowesha sehemu aliyokwangua. Rangi ikakolea papo hapo! Mate tu! Ikilowa, kasema, inakuonyesha itakavyokuwa ikipata mafuta. Akaongeza rangi kidogo mno, nikadhani amesahau. Akapaka mafuta. Doa likaenda, sijui wapi. Nimeweka pua juu ya mbao. Sikuliona.

Mama akaanza kuniombea radhi. Fundi akamkatiza: Belkisa alikwenda kwake jana kuuliza likizo ni lini. "Huyu wako kahangaika siku tatu na duara moja. Aje Jumatatu." Sharti moja: mwaka mzima nisiguse mbao ya mtu bila kumuuliza kwanza. Nimeapa, mkono kifuani. 

Jumamosi, 18 Juni
Nimeamka mapema kuitazama kaunta. Ni muujiza. Nimeichungulia dirisha likiwa wazi, likiwa limefungwa, nimepiga magoti, nimepanda kiti. Hakuna mpaka. Mkono wa Fundi ulianzia wapi? Uliishia wapi? Mwanafunzi wa kweli hawezi kwenda Jumatatu bila kujua.

Mama yuko sokoni hadi saa sita. Nimepiga msasa kidogo tu, kutafuta alipoanzia.

Si hapo. Labda kushoto zaidi.