Vita vya Twalha na Mende wa Maktaba

Sogeeni, enyi wa Bagamoyo mjini nanyi wa Makurunge! Wekeni chini vikombe vya kahawa, na anayetafuna aache kwanza kutafuna, niwahadithie siku aliyoingia vitani Twalha bin Msabaha, mtunza nyaraka wa maktaba ya chuo, shujaa wa glovu nyeupe, mshika funguo saba ambazo nne hazifungui kitu.

Asubuhi hiyo aliwasili Bi Mardhiya kutoka Saadani, amekumbatia kitabu cha babu yake, tenzi za mkono kwa herufi za Kiarabu, kimeviringishwa kwenye kanga. Nusu yake ilikwisha kuliwa na wadudu sandukuni. Miaka mitatu Twalha alimbembeleza akilete kihifadhiwe, na miaka mitatu bibi alikataa katakata.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa sikiliza. Nikimwona humu mdudu mmoja tu, nafunga kitabu changu narudi nacho."

"Mdudu, Bibi?" akanguruma Twalha, mkono kifuani. "Naapa kwa funguo hizi, mbele ya makabati haya, hajazaliwa mdudu wa kuvuka kizingiti changu!"

Lahaula! Hotuba haijapoa, mende huyo mezani, mwekundu, mnene kama tende, anatikisa sharubu bila haya na kukiendea kitabu ambacho Bibi amekwisha kukilaza hapo.

Shujaa afanyeje? Ampige? Atapiga kitabu. Apige ukelele? Bibi huyo anavaa miwani. Ndipo alipoivua kofia yake ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, kofia ya Idi jamani, akamfunika adui, akaiegemea kwa tabasamu la mgonjwa wa jino.

"Tia sahihi hapa, Bibi."

Adui akakimbia, kofia ikatembea, na Twalha akatembea nayo meza nzima.

Bibi akatia sahihi polepole, akaitazama ile kofia.

"Mtoe nje, atakosa pumzi. Nilimwona akitoka kwenye kanga yangu."

"Ulimwona, Bibi? Na sahihi ukatia?"

"Mtafiti wa kwanza aliyekuja kwangu alimuua mende mwenzake huyu kwa kitabu chenyewe. Wewe umetoa kofia yako."

Na iandikwe, enyi mlionisikiliza, wino usikauke: Jumanne, kabla ya adhuhuri, kitabu cha Saadani kiliingia kabatini, mende akatolewa nje yu hai, na kofia ikafuliwa mara tatu. Mpaka leo Twalha haivai.